Saini Yangu kwenye Kisanduku cha Sita

Jumatatu, 3 Machi

Nina hasira mpaka kalamu imetoboa karatasi. Bosi kanipa barua ya onyo mbele ya mafundi wote! Laini ya intaneti ya hospitali inasuasua tangu wiki iliyopita — picha za eksirei haziendi kwa daktari bingwa wa mji mwingine, zinakwama njiani. Bosi kakagua kisanduku cha sita cha maungio, kakuta saini yangu kwenye kifuniko. Basi, kesi imekwisha. Ijumaa saa sita mchana nikiri kosa ni langu, au nimtaje aliyefanya. Nikinyamaza, kazi sina.

Sijagusa kisanduku hicho! Siku kilipofungwa nilikuwa shuleni nafunga ruta.

Tena bosi mwenyewe hajui kitu. Ati niongeze umeme kwenye waya. Umeme gani? Nimemweleza: ndani ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, kinachopita ni mwanga, na mwanga ndio unaobeba data. Kapiga miayo.

Jumanne, 4 Machi

Nimekumbuka. Nimejipalia makaa mwenyewe. Kwetu fundi husaini kifuniko cha kisanduku akishamaliza kuunganisha. Mimi, kwa uvivu, asubuhi ile nilisaini vinne kabla ya kazi, nikaviacha kwenye gari. Mjinga mimi! Yeyote angeweza kuchukua kimoja.

Nikamuuliza Kaka. Tumbo moja, gari moja, na ndiye aliyenifundisha kazi hii. Nani alifunga cha sita? Akasema saini si ni yako, mimi unaniuliza nini? Hakunitazama usoni.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda na mashine ya kupima. Unapiga mwanga kutoka upande wa hospitali, skrini inachora mstari. Penye kasoro mstari unaanguka. Umeanguka mita 1,840. Kisanduku cha sita, hakuna pengine. Nikashuka shimoni kilipo, nikafungua. Uzi umekunjwa kona kali! Mwanga ukifika pale unavujia nje, unaoendelea mbele ni mabaki. Hata mwanafunzi hafanyi hivyo.

Halafu nikaona uzi umezungushwa kinyumenyume. Wote tunazungushia kulia. Kikosi chetu kina mtu mmoja tu anayetumia mkono wa kushoto.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekaa pembeni ya shimo nikamtukana peke yangu, matusi ambayo Mama angeyasikia angenirushia kandambili.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikwenda kwa Kaka kugombana. Hayupo. Wifi — wifi wa nyumbani, si wa intaneti — akanikaribisha chai, akaanza kulalamika. Siku hizi kaka yako simu anaishika mbali kama inamuunguza, meseji anasomewa na mtoto. Akitajiwa miwani anawaka. Akacheka. Mimi sikucheka.

Macho! Si angeniambia? Ningemuunganishia nyuzi zote, mchana kutwa, na mtu asijue. Badala yake kanitoa kafara, mimi mdogo wake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko barua. Na mimi nina watoto!

Ijumaa, 7 Machi, saa tano na nusu

Naandika ndani ya gari. Bosi ametuleta kwenye kisanduku cha sita, kirudiwe mbele ya macho yake. Nilitaka kukaa kwenye mashine ya kuunganishia, Kaka akasema niachie. Bosi akauliza tena: nani alifunga hiki? Kaka kainamia uzi. Nikajibu kwamba nusu saa yangu haijaisha, nikaja kukaa huku.

Kaka amekata uzi mara tatu. Mara tatu mashine imeukataa. Sasa umemdondoka — anaupapasa kwenye mkeka kwa kiganja kitupu, kwenye vipande vya kioo! Mtu mzima, fundi wa miaka kumi na tisa! Kidole kinatoka damu hata hajaona. Bosi yuko kwenye simu, amempa mgongo.

Inuka, jinga wewe, inuka useme mwenyewe!

Hainuki. Bosi anaaga kwenye simu. Anageuka. Nimeshafungua mlango, mguu mmoja uko chini, jina liko mdomoni, na bado sijui ni lake au ni langu.