Damu ya Kuku Kwenye Shati la Papa

Maman yangu,

Papa ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama mimi nimekula. Sasa hivi yuko kwenye kiti chako, redio inamtangazia habari za vita, na yeye anakoroma.

Tangu ulipotuacha amekuwa akijaribu kazi zako moja moja. Wali ameuweza. Kufua, tusiseme. Jumamosi moja dada yake, Tantine Béa, alitufikia kutoka Bunyakiri, amekimbia mapigano, miguu imevimba. Papa akasema mgeni wa namna hiyo halishwi maharage. Mimi nilikuwa kazini, kwenye maabara ya hospitali. Akachukua kisu, akamkamata kuku mwekundu, shati lake jeupe la ofisi mwilini. Maman, mtu ambaye maisha yake yote hajachinja hata sungura! Alikata nusu, akashtuka, akamwachia. Kuku akatoka mbio na damu yake, akashuka uchochoroni, na Papa nyuma yake, kisu mkononi, anaita watu wamsaidie.

Hakumpata. Na alasiri hiyohiyo, huku kwetu Cimpunda, muuza sabuni mmoja alikutwa amechomwa kisu. Mungu amrehemu. Waliomuua hatujawajua hadi leo. Lakini majirani walikuwa wamemwona Papa amelowa damu, na wengine walishaanza kutafuta petroli ya kumchomea. Askari wakamwahi, wakamfungia. Alipoeleza habari ya kuku wakamwuliza, "Kuku yenyewe iko wapi?" Hayupo. Aliyemwokota alikwisha kumtia chunguni, na mtu kama huyo hatoi ushahidi.

Niliogopa, Maman. Siku hizi mtu akifungiwa, mara nyingi watu hawamngojei hakimu, wanahukumu wenyewe.

Halafu nikakukumbuka uani, siku ya Noeli, umekanyaga mabawa ya kuku, unanituma kipande cha kioo ili udondoshe tone moja kwa ajili ya wanafunzi wako wa biolojia. "Angalia, mutoto wangu. Seli nyekundu ya kuku iko na kiini ndani. Yetu siye inakitupa kiini chake mbele ya kuanza kazi." Mimi nilikuwa nafikiria paja tu.

Nikamwomba inspekta aliyeshika kesi ile shati. Akalileta maabara mwenyewe, hakuliachia hata dakika. Nikaloweka kipande cha kila doa kwenye maji ya chumvi, nikapaka juu ya vioo, nikatia rangi ileile tunayotafutia malaria. Kando nikaweka damu ya kidole changu. Inspekta akainama kwenye hadubini. Damu yangu ilikuwa visahani vitupu. Ya shatini ilikuwa na seli ndefundefu kama mbegu za boga, kila moja na kiini cha zambarau katikati. Akataka kola, akataka mikono, akanirudisha kifuani ambako damu ilikuwa nyingi. Kote viini.

"Na kama iko ya bata?"

Nikamwambia bata naye si mtu. Akacheka! Akawaita majirani waliomshitaki Papa, nao wakafunga jicho moja, wakachungulia, wakaangalia chini kwa aibu. Mama mmoja aliomba kuchungulia tena, nafikiri kwa utamu tu. Siwachukii. Woga umetuharibu wote.

Papa alipotoka, ndevu zimeota, neno lake la kwanza lilikuwa, "Béa alikula nini?" Nikacheka na kulia kwa pamoja pale barabarani. Alikula maharage, nikamwambia, na alisifu. Tulipofika nyumbani akashika picha yako, akasema, "Ni maman yako alinitosha mule ndani." Sikubisha kwamba wewe ndiye uliyemtoa, ingawa vioo nilivipaka mimi.

Sasa kuku nachinja mimi, na Papa anakaa chumbani mpaka nimwite mezani. Tumekuwa na furaha humu ndani, Maman, sikufichi. Tantine anamtania, anamwita muwindaji, naye anakasirika kidogo tu.

Ila nasikia sala zake. Kila jioni anakuambia kwamba anakuja, umshikie nafasi.

Usimshikie bado. Wewe ulikaa naye tangu ujana wako, mimi nimeanza kumjua juzi tu. Lala salama, Maman. Nitamtunza. Siku atakapokuja kwako atakuja kwa uzee wake, taratibu, nami nimemshika mkono.

Binti yako,
Nsimire