Wanja wa Ijumaa

Mjomba,

Shikamoo. Marahaba yako najiitikia mwenyewe siku hizi.

Naandika nimesimama jikoni. Nikikaa, nanyanyuka. Lokdauni imekwisha, soko la Fairfield hapa ugenini limejaa watu, nami nimerudi kazini kwa wazee wangu ninaowauguza, lakini mwili haujatulia. Sanduku lako nimelifungua, nimelifunga, nimelifungua tena. Raizoni zako zimo, vile viatu vya soli nene vya rangi ya fedha, kisigino shibiri nzima. Mama mdogo kapiga simu toka Tanga, ati nizitupe, marehemu asiachiwe mambo ya kihuni.

Ulizinunua Liverpool, baharia kijana. Ulivyokuwa ukisimulia: umeme wa Uingereza unakatika, baridi, kazi hakuna, mara wanaume wakatoka na mabuti ya fedha, nyuso zinametameta, gitaa zinanguruma. Muziki huo wenyewe wakiuita glam. Ukabeba spika kwenye ukumbi wao, na mwimbaji mmoja akauona wanja wako wa Ijumaa, akataka kujua umeupata wapi.

"Wakadhani wamevumbua wao," ukicheka. "Babu zetu wanapaka wakienda msikitini." Ukampa kichupa chako.

Miaka michache baadaye meli yako ikarudi Liverpool. Wamekuja vijana wengine, nguo zimechanika, na wale wa kung'aa wanachekwa. Ukamkuta mwimbaji wako amenyoa, anauza mazulia. "Alinikwepa macho, mwanangu. Mtu asitiwe haya kwa kung'aa kwake."

Hayo nimeyasikia mara mia. Na bado nikayasahau.

Ile Ijumaa yako ya mwisho, ndani ya lokdauni, misikiti ilikuwa imefungwa, ukapaka wanja vilevile. Nikarudi kutoka zamu miguu inawaka moto, nakukuta sebuleni juu ya raizoni, binti yangu Salma kakupaka usoni ule unga wa kumetameta wa kadi zake za chekechea, mnapiga gitaa za mifagio. Jirani wa chini anagonga dari.

"Mjomba, futa hayo. Mzee mzima."

Ulikwenda bafuni. Nikasikia maji.

Kesho yake moyo wako ukagoma, ikaja ambulensi, na hospitali hawakuruhusu mtu kuingia. Neno langu la mwisho kwako likawa *futa*.

Mjomba, hili hulijui. Yule bwana aliyekuosha alinipigia baada ya mazishi. "Dada, uso ulikuwa msafi. Ila wanja wa kope za chini ulikataa kutoka. Tukauacha."

Nilikaa sakafuni. Salma akaniuliza kwa Kiingereza chake mbona nacheka na kulia.

Basi raizoni hazitupwi. Mama mdogo nimemwambia kwa adabu, na sirudii. Ijumaa hii nampaka Salma wanja mimi mwenyewe, na akitaka kunipaka unga wake nitainama.

Pumzika, Mjomba, Mola akupe nafasi pana. Siku nikirudi kutoka zamu nikamkuta juu ya viatu vyako, nitamshika mkono asianguke. Jirani na agonge.

Mwanao,
Mwanaidi