Maadamu Mjane Yu Hai

Tiruvadi, 9 Juni 1886

Mdogo wangu Valli,

Salamu nyingi. Hujambo huko Madras? Mimi kikohozi tu, mengine namshukuru Shiva.

Sivagnanam, mtoto wa kaka yake marehemu mume wangu, amenishtaki. Anataka mauzo ya shamba la marehemu, nililoliuza upate kusoma, yabatilishwe. Alikuja na wazee: "Mama mdogo, mwanamke hulinda shamba, hauzi."

Nikamwambia, "Wewe la kwako uliliuza ukachezea kamari ya majogoo. Nani alikuuliza?"

Wazee walicheka. Wewe soma. Muttu aliyelinunua ameshaanza kulima.

Dada yako,
Mangalam

Madras, 21 Machi 1887

Dada yangu,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje?

Mahakama Kuu imehukumu. Karani wa wakili amenisomea. Mwanamume huuza apendapo. Mjane huuza kwa dharura tu: mazishi, deni la mume, harusi ya binti. Kumsomesha ualimu mdogo wake, naye mjane, si dharura. Basi shamba ni la Muttu maadamu wewe u hai. Ukifa, ni la Sivagnanam.

Nirudi? Hata chakula cha hapa naona haya kukila.

Mdogo wako,
Valli

Tiruvadi, 4 Aprili 1887

Valli wangu,

Salamu. Usirudi! Ukirudi tutakuwa na hasara mbili.

Mke wa Muttu huniletea maziwa kila asubuhi, haondoki mpaka niyamalize. Sivagnanam naye hupita barazani: "Mama mdogo, kikohozi vipi?"

"Kipo, mwanangu. Na majogoo hawajambo?"

Hununa akaenda zake. Lakini kuishi kwa ajili ya mpunga wa watu si kazi nyepesi, mdogo wangu.

Dada yako,
Mangalam

Madras, 30 Desemba 1887

Dada,

Shikamoo. Mbona kimya? Hii ni barua ya tatu. Nimefaulu! Nimepewa darasa la wasichana, naanza mara baada ya sikukuu ya mavuno, Pongal. Niambie u mzima, au nije.

Mdogo wako,
Valli

Tiruvadi, 12 Januari 1888

Mwalimu wangu,

Salamu. Nimefurahi mpaka nikalia. Homa ilinilaza tangu Novemba. Nilificha usije ukaacha mtihani.

Nilimhimiza Muttu avune upesi, ningali hai. Alivuna na wanawe wote, Sivagnanam kasimama ukingoni anatazama. Mzigo wa mwisho umeingia jana. Muttu alikuja kunieleza, akainama kunigusa miguu.

Nikamwambia, "Nenda, baba. Sasa niache nilale."

Usikimbilie kuja. Wasichana wako wasije wakakuta kiti kitupu.

Dada yako,
Mangalam