Chumvi ya Vidole Vyangu

Jumapili, 3 Mei

Tuhin anaharisha tangu alfajiri. Maji matupu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mjukuu wangu wa pekee. Na mama yake, Monowara, eti nitume mtu dukani akanunue pakiti za dawa ya kuchanganya. Pakiti! Ndani ya nyumba yangu mimi, Torab Ali!

Marehemu Hamida, mke wangu, aliwaponya watoto wetu wote kwa chumvi, sukari guru na maji ya pampu. Walikuja akina mama fulani, nyumba hadi nyumba, wakawafundisha wanawake. Sisi wanaume tulifukuzwa uani. Lakini mimi nilisimama nyuma ya ukuta wa mabati, nikasikia kila neno. Chumvi kiasi cha kubanwa na vidole vitatu. Sukari guru konzi moja. Maji nusu lita.

Nimechanganya mwenyewe. Mkono huu umeshika plau tangu ujana, umebeba mizigo ya juti, zile nyuzi za magunia, iliyowashinda vijana wawili. Utashindwa na chumvi?

Tuhin alitema. Nikamshika taya, akameza. Sokhina, jirani, akachungulia: eti, mzee, unamtibu mtoto au unatia samaki chumvi? Mwanamke hana haya yule.

Jumatatu, 4 Mei

Kuharisha kumepungua. Nilisema!

Ila analia kiu. Analia bila machozi. Anaung'ang'ania mtungi wa maji kwa mikono miwili. Nimekataza. Maji matupu hayana nguvu, apewe dawa tu. Nimempa vikombe, kimoja baada ya kingine.

Mchana Monowara akaonja dawa yangu, akakunja uso. "Baba, nisamehe, hii ni chumvi tupu. Mama alisema chumvi isizidi ya machozi."

Hamida alimfundisha lini? Mimi sikusikia habari ya machozi.

Nikamwambia, ulizaliwa jana wewe, nyumba hii nimeijenga mimi. Akavuta mtandio wake usoni, akachukua jagi, akaimwaga dawa yote kwenye shina la mgomba. Mbele yangu! Nimechanganya nyingine. Jagi nimekaa nalo mwenyewe kitandani.

Nimempigia mwanangu Jabbar, yuko Dhaka kiwandani. Nikamwambia mke wako amekosa adabu. Akasema, Baba, usijali, nitazungumza naye. Mwana mwema.

Jumanne, 5 Mei

Tuko kituo cha afya. Wodi imejaa, tumepewa mkeka kwenye baraza.

Asubuhi Tuhin alikakamaa. Macho yaligeuka. Mkono mmoja ukawa unaruka peke yake kama wa kuku aliyechinjwa. Monowara alimbeba akakimbia peku mpaka barabarani, akasimamisha toroli ya kukokotwa na baiskeli. Mimi nyuma, sandali mkononi.

Wakamtoa damu. Nesi akaja akiwa mkali. Chumvi imejaa kwenye damu! Nani alichanganya dawa?

Nilikuwa nimefungua kinywa. Wallahi, nilikuwa nimefungua.

"Mimi," akasema Monowara.

Nesi akasukuma kibakuli cha chumvi mbele yake. Hebu bana nione. Akabana. Vidole vyembamba vile, chumvi kidogo juu ya ncha. Nesi akatazama. Hiyo ni sawa kabisa, sasa imekuwaje? Monowara akasema mkono uliteleza.

Uliteleza! Basi akatukanwa mbele ya wodi nzima. Mama gani wewe, unataka kumuua mwanao, hata kuonja huonji? Wanawake wa mikeka mingine wakatikisa vichwa. Naye ameinamisha kichwa.

Mikono yangu nimeikunja ndani ya shuka. Kidole changu kimoja ni vitatu vyake.

Nani alimwomba anifiche? Mimi sikumwomba.

Jumatano, 6 Mei

Tuhin ana dripu. Wanasema ishuke polepole, ikienda haraka ubongo utavimba. Degedege limerudi mara moja. Bado hatujui. Tumeruhusiwa kumpa kijiko cha maji, tusubiri, kijiko tena. Anafungua kinywa kabla kijiko hakijafika. Hanitazami mimi.

Sokhina aliniona nikichanganya, lakini amesikia Monowara amekiri wodini, amekwisha kumpigia Jabbar. Kijiji kizima kinajua kwamba Monowara alitaka kumuua mtoto kwa chumvi. Jabbar amepanda basi kuja huku. Kwenye simu alinguruma: arudi kwao, leo leo, na mtoto simpi. Baba si uliniambia mwenyewe kwamba amekosa adabu?

Niliitikia.

Monowara amesikia yote, simu ile inapiga kelele. Akanisogezea kikombe cha maji na vidonge vyangu vya presha, kama kila siku. Kisha akarudi kwenye kijiko.

Huyo Jabbar. Nasikia sauti yake getini, anamuuliza mlinzi wodi ya watoto iko wapi. Monowara anafunga nguo zake kwenye kitambaa. Amenipa kijiko nishike mimi, na kalamu naiweka. Jabbar akiingia, nitamwambia chumvi ilikuwa ya vidole vyangu.