Chai ya Koko Asha na Sheria za Chuo

Jumapili, Kamembe.

Mvua tangu alfajiri, ile mvua yetu isiyo na haraka, na ziwa halionekani hata ukisimama barazani. Bukavu yote, huko ng'ambo ya mpaka, imefutika. Kanisani sikwenda. Nimejifunika blanketi la mama, viganja vinaniwaka kwa jembe la jana, na moyo haujui ucheke au ulie. Basi nimekuja kwako, shajara. Najua wewe ni blogu na una mdomo kuliko wanawake wote wa sokoni, lakini majina nimeyabadilisha, na kuna mambo nisipoyaandika leo yatanikaa kooni.

Kwa usiyenijua: nasoma shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii Kigali, na muhula huu tumetumwa mazoezini. Wenzangu waliomba ofisi zenye vioo na mashine ya kahawa. Mimi niliomba nirudishwe Rusizi. Kwenye barua niliandika kwamba nataka kuitumikia jamii iliyonilea. Ukweli ni kwamba nilitaka sambaza, visamaki vya ziwa letu, za kukaanga na watu wanaosema "batoto" bila kuona haya.

Nyumbani pana namna yake ya kukupokea, lakini. Mtu wa kwanza niliyepewa kumshughulikia alikuwa Koko Asha.

Koko kwetu ni bibi. Huyu si bibi yangu wa damu. Ni jirani tuliyepakana naye ua nilipokuwa mdogo, kabla hatujahamia upande mwingine wa mji, mjane wa fundi cherehani, Mwislamu wa Kamembe tangu babu zake. Mama yangu alivuka mpaka kila siku na nyanya kwenda kuuza Bukavu. Baba alifanya kazi kiwanda cha saruji huko Muganza na tulimwona mwisho wa juma tu. Siku mama alipochelewa na mpaka ukafungwa yeye yuko ng'ambo, hakuna aliyehangaika. Sisi watoto tulihamia kwa Koko Asha na sahani zetu, kama kuku wanaojua banda lao.

Nakumbuka sinia lake la bati lenye maua mekundu katikati. Tulikuwa tunashindana kuyafikia maua, maana aliyeyafikia kwanza ndiye aliyekuwa amekula zaidi. Nakumbuka jinsi nilivyosema "Bismillahi" mezani kwetu siku moja, mbele ya baba, mwanakwaya wa kanisa, na baba akacheka mpaka bugali likamkwama. Nakumbuka chai yake ya tangawizi, kali, ya kukutoa machozi. Nimekunywa chai nyingi Kigali, na nyingine nimelipia bei ya mlo mzima, lakini sijaipata ile.

Sasa nikueleze desturi moja, maana mambo yote ya jana yanasimama hapo. Huku kwetu, mwenye nyumba akikupa kinywaji, anaonja kwanza mbele yako. Ndiyo heshima. Anakwambia bila kusema: sina ubaya na wewe, humu hamna kitu. Kila mtu anaogopa sumu, na msomi anaogopa kimyakimya. Lakini kuonja ni kwa mgeni. Watoto wa uani hawaonjewi. Koko Asha hakuwahi kutuonjea hata mara moja, alikusukumia kikombe na kukuambia unywe kabla nzi hajakutangulia.

Miaka michache iliyopita, nikiwa mbali, jirani mmoja aliyekuwa mwashi alifuturu kwa Koko Asha, na baada ya siku kadhaa akafariki. Alikuwa mgonjwa wa ini muda mrefu na daktari alisema hivyo. Lakini lisemwalo lipo, watu wakasema, na kama halipo laja. Tangu hapo hakuna aliyekula kwake. Hawakumtukana wala kumpiga. Walimsalimia vizuri sana, wakapita.

Na ndipo anapoingia Mapendo, msichana wa miaka sita. Mama yake, mfanyabiashara kutoka ng'ambo, alikuwa mpangaji wa chumba cha nyuma cha Koko Asha, na mtoto alijifunza kutembea akishika kanga ya Koko. Mama alipofariki, majirani walinong'ona kwenye ofisi ya ustawi wa jamii kwamba mtoto asiachwe katika nyumba ile. Akapelekwa kwa familia ya muda huko Giheke. Muda wao umekwisha, na familia ya kudumu iliyokuwa tayari kumchukua iko mkoa mwingine kabisa, watu wazuri asiowajua. Koko aliomba arudishiwe. Kila kitu kilikuwa sawa, nyumba, afya, kitanda. Kilichobaki ni neno la majirani. Wakisema ndiyo, Mapendo anarudi kwa Koko. Wakikaa kimya, anaondoka, na Koko kwa umri wake hatamwona tena.

Siku ya kwanza nilikwenda na msimamizi wangu, Bwana Callixte, mtu mwenye haki na viatu safi. Koko hakunitambua mara moja. Aliponitambua alinishika uso kwa mikono yote miwili, kisha akaingia ndani akatoka na vikombe. Callixte akakataa kwa upole, akiweka mkono kifuani. Ni sheria: hatuli wala hatunywi kwa tunayemhudumia, tusije tukampendelea, na maskini asije akatumalizia sukari yake ya mwisho. Ni sheria nzuri. Niliifanyia mtihani na nikafaulu.

Nami nikakataa.

Uani kwa jirani kulikuwa na wanawake wawili wakianika nguo. Walituona. Kesho yake nilipopita bombani, karibu na kwake, nilisikia habari ikiwa imeshatangulia: "Hata bale ba ofisi bamekataa kunywa. Balisoma, banajua."

Nilihisi kama nimemmwagia Koko ile chai kichwani. Mimi, niliyelelewa na sinia lile, nilikuwa nimewapa majirani ushahidi waliokuwa wakiukosa miaka yote.

Nikaamua kurekebisha. Msomi akiamua kurekebisha, jikinge. Nilirudi kwa Koko peke yangu na mpango wangu nilioupanga vizuri: Jumamosi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, majirani watakaa uani kwake, yeye atamimina chai, ataonja kila kikombe mbele yao, na hofu itakwisha. Nilimweleza kwa shauku, hata nikamwonyesha jinsi ya kushika kikombe ili wote waone. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaendelea kuchambua mchele.

"Furaha," akasema, "muntu anaonjea mugeni. Bale haiko bageni. Ni bantu balikula kwangu, na batoto babo balikula kwangu. Nani alionjewa? Nikianza kuonja leo, njo nimesema ile maneno ilikuwa kweli."

Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba ni kwa ajili ya Mapendo.

"Minajua ni juu ya nani," akasema. "Nenda sasa. Unanifungia mwanga."

Niliondoka nikiwa na aibu, na nilipokuwa nakwea kwenda barabarani nilimkasirikia. Ndiyo, nakiri. Niliona ni kiburi cha mzee kinachomgharimu mtoto. Nilipofika nyumbani hasira ilikuwa imekwisha na nilijua amesema kweli, lakini ukweli wake haukunisaidia kulala vizuri.

Jana, basi. Umuganda wa mwisho wa mwezi, mtaa mzima na majembe, tulizibua mtaro ulioziba chini ya barabara ya shule. Nilichimba kama mtu anayetafuta kitu. Kazi ilipokwisha, mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa, akawaomba wanaopakana na Koko Asha waingie uani kwake. Wakaingia. Mtu hakatai mwaliko wa mkuu. Walikaa kwenye mabenchi na mkeka, magoti yana matope, wakiongelea mvua.

Koko akatoka na termosi na trei. Akamimina. Hakuonja. Akaweka trei katikati, akakaa kwenye kigoda chake, kanga imefungwa vizuri kichwani, akawatazama.

Vikombe vikatoa mvuke. Hakuna mkono uliosogea.

Nilimwangalia Callixte naye akaniangalia, na nadhani alijua nitakachofanya kabla yangu. Nikainuka, nikachukua kikombe, nikanywa. Sikuonja, nilikunywa, moto ukaniunguza ulimi, na ile tangawizi ikapanda puani, na kwa muda nikawa na miaka saba na nyanya za mama ziko ng'ambo. Nikanywa mpaka majani ya chini. Nilitaka wamwone mtu akinywa kwake bila kuonjewa. Nilitaka kumwokoa asilazimike kuonja.

Haikutosha. Walinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayeogelea penye mamba. Mimi ni mtoto wa pale aliyekwenda Kigali, nitarudi Kigali, tumbo langu si hoja.

Ndipo akasema Maman Devota. Yeye ndiye mjane wa yule mwashi, na kila mtu alikuwa akimsubiri bila kumtazama.

"Sitadanganya," akasema. "Bwana yangu alikuwa mugonjwa, munganga alinielezea, minajua. Huyu Koko hakumufanya kitu. Mutoto arudi, mimi sikatazi. Lakini hii kikombe, mkono yangu inakataa kuikamata. Minaogopa. Na kama minaogopa kikombe, nitaachaje mutoto wa bantu akunywe humu kila siku? Njo ile inanisumbua."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia. Sijawahi kusikia mtu akisema ukweli mgumu hivyo kwenye mkutano wa majirani, na katika vitabu vyangu vyote hakuna sura inayoeleza umjibu nini.

 Koko Asha akainuka, akishikilia goti, akaenda kwenye trei, akachukua kikombe kilichokuwa mbele ya Maman Devota. Akakiinua mahali ambapo wote wangekiona, vilevile nilivyokuwa nimemwonyesha mimi mjinga. Akaonja. Akameza. Akakitoa kwa mkono wa kuume, wa kushoto ukishika kiwiko, kama anavyopewa mgeni wa heshima.

"Naonja juu ya mutoto," akasema. "Haiko juu yenu."

Maman Devota akapokea kwa mikono miwili. Akanywa chote, machozi yakiingia humohumo. Kisha mkono mwingine ukasogea kwenye trei, na mwingine. Koko akasimama akawaonjea wote, mmoja baada ya mwingine, watu aliowabeba mgongoni wakiwa wachanga. Mkuu wa mudugudu akauliza kama kuna mwenye neno. Hakukuwa na neno. Mapendo anarudi.

Watu walipiga makofi na mimi nilipiga makofi, nikiangalia chini.

Nilifurahi, usinielewe vibaya. Mtoto anarudi nyumbani, hiyo ndiyo kazi niliyoijia na ndiyo nitakayoikumbuka nikizeeka. Lakini niliuona uso wa Koko alipokuwa akionja, na niliona kwamba amewapa kitu alichokuwa amekilinda miaka yote ile peke yake, na kwamba hatarudishiwa. Walipokuwa wakiondoka walimshukuru sana kwa chai. Hakuna aliyemwomba msamaha.

Nilibaki kumsaidia kuosha vikombe. Nilitaka kusema pole, nikaanza kulia kwenye karai la maji kama mtoto. Akaninyang'anya kitambaa.

"Kuonja haikuniua," akasema. "Kukunywa peke yangu njo ilikuwa inaniua. Osha vizuri ile, umeacha majani."

Njiani Callixte alisimamisha gari kabla ya kufika mjini. Nilidhani atanigombeza, na alikuwa na haki. Akasema tu kwamba jambo la Mapendo atalimaliza yeye, kwa sababu pale mimi si mfanyakazi. "Wewe ni mtoto wa ile nyumba," akasema, "na hakuna chuo kinachoweza kukutoa." Nilishuka nikachukua moto, pikipiki ya abiria, na upepo ulinikausha uso kabla sijafika nyumbani.

Tangu jana nalifikiria neno lake. Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Mtaa niliouacha ulikuwa wa sinia moja, au ndivyo ninavyoukumbuka, na ninaogopa kwamba nimerudi nikiwa na macho ya mtu aliyekuja kutembea. Nilimkatalia kikombe kwa sheria za watu wengine. Nilimfundisha kuonja. Ni nani hufanya hivyo, kama si mgeni?

Alhamisi Callixte atamleta Mapendo kwa gari la ofisi. Mimi sina tena kazi pale, kwa hiyo sheria za chuo haziniwekei mkono kifuani. Nitakwenda mapema, nitakaa kwenye mkeka, na Koko atamimina chai.

Sijui atafanya nini na kikombe changu kabla ya kunipa. Naomba asionje.