"Ego" ya Nazario

Merveille, acha kila kitu usome. Nazario amepatikana Muyinga. MUYINGA!

Asubuhi alitoka hapo mtaani Yoba, Gitega, kunyoosha miguu. Pale stendi dereva akamuuliza, "Mzee, Muyinga?" Akajibu, "Ego." Wakampakia!

Si unajua tangu kiharusi anajibu "ego" tu, ndiyo kwa kila swali, hata anapotaka kusema hapana. Anaelewa kila kitu, mdomo ndio unamkatalia.

Mkewe Jeska kazunguka Gitega nzima, kandambili mguu mmoja, analia. Ndipo dereva akapiga. Ameona kile kikaratasi chenye namba ambacho Jeska alimshonea mumewe mfukoni.

"Mama, tukimuuliza umepotea, ego. Hujapotea, ego. Tushike lipi?"

Jeska akamwambia, "Muulize polepole, swali moja moja, halafu uangalie kidole gumba. Juu ndiyo, chini hapana. Ndivyo tunavyoongea nyumbani. Mdomo uache!"

Dereva akaweka simu sauti kubwa. Jeska akamuuliza mumewe: "Baba Crispin, uko salama?"

"Ego."

Merveille, Jeska akashusha pumzi. Hata hajamaliza kuishusha, dereva akasema kwa sauti ya chini:

"Mama... kidole kiko chini."