Mkono Wako Umesikika Kaaga

Majengo, Meru
Jumanne, baada ya sala ya alasiri

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. Natumai barua hii itakukuta barazani mahali pako, kahawa mkononi, na goti lile halikusumbui. Mimi mzima, ila baridi ya huku ndiyo inayonishinda. Asubuhi navaa fulana mbili na kofia ya sufu, na wauza nyama jirani zangu wananicheka, wanasema mtu wa Malindi amegeuka gunia la viazi. Nawajibu kwamba gunia halisikii baridi, ningekuwa gunia ningeshukuru. Chakula ni tele, soko la Gakoromone liko karibu, ndizi zenyewe ni kubwa mpaka moja yashibisha. Kwa hilo Mama asiwe na wasiwasi.

Hii ni barua ya tatu, Baba, na mbili za kwanza hukunijibu. Sikulaumu. Dada Mwanaidi ameniambia kwamba tangu masikio yako yalipofunga hutaki kalamu wala wageni, na kwamba ulimwambia mtu aliyesikiliza meli za dunia nzima hana la kumwambia mtu tena ikiwa hawezi kumsikia. Simu haitufai, na ujumbe wa kusoma kwenye kioo umeukataa. Basi nimebaki na karatasi. Nataka unijibu. Nalisema mapema ili usidhani kuna jingine nalotaka, na haya yote nitakayokusimulia yanaelekea hapo hapo.

Kwanza niungame. Niliwahi kukuandikia kwamba natengeneza redio na simu. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kazi iliyonipa jina hapa ni zile redio ndogo za madereva. Malori yanayokwenda Moyale huzifunga ndani ya gari ili dereva azungumze na mwenzake aliye mbele, maana ukishaipita Isiolo mtandao wa simu hukatika mahali pengi na lori likiharibika huna wa kumwita. Redio hizo huja na chaneli zake arobaini na nguvu ndogo, kama sheria itakavyo. Mimi nilikuwa nazifungua. Nakata waya mmoja, nazungusha bisibisi kidogo hapa na kidogo pale, na redio inapanda hadi kwenye masafa isiyoruhusiwa kukanyaga, tena kwa sauti ya kupasua. Naujua uso wako ulivyo sasa. Uliniambia tangu mdogo, "Hewani mtu hapigi kelele, hupiga hodi." Nilisikia, na nikafanya yangu.

Hebu nikwambie pia utamu wake, usije ukadhani ulikuwa ukorofi mtupu. Siku moja alasiri nilikuwa najaribu redio ya dereva mmoja aitwaye Kinoti, mteja wangu mkubwa. Nilipoizungusha juu ya chaneli zake nikasikia mtu. Si dereva wa hapa. Muitaliano, Baba, na kile Kiitaliano tulichookota kwa watalii kikanifaa: alikuwa akimlalamikia mwenzake kwamba kwao mvua inanyesha na mkewe ameanika nguo. Huku Meru jua linawaka, muuza nyama ananoa kisu, nami nasikia habari za nguo zilizolowa ng'ambo ya bahari, kwa kidude kinachotosha kwenye kiti cha lori. Nikakaa chini. Kinoti akaniuliza, "Fundi, umeona jini?" Nikamwambia nyamaza kwanza. Nikakukumbuka wewe na miaka yako yote na vile visikizi masikioni, nikafahamu kwa nini ulikuwa ukirudi nyumbani kimya hivyo.

Sasa sikiliza kosa langu. Kila redio niliyoimaliza niliijaribu kwa namna moja tu, wala sikuwahi kufikiri kwa nini. Nilibonyeza kitufe cha maikrofoni: kirefu kimoja cha kuburuta, halafu vifupi viwili. Ndiyo hodi yako. Ulikuwa ukitoka zamu unaburuta kiganja juu ya mlango, halafu unagonga vidole mara mbili, na sisi watoto tunakimbilia komeo. Mwizi gani huiba akaacha jina la baba yake mlangoni? Ndiye mimi.

Huku kuna watu wa redio ya ridhaa, wale waliofanya mtihani na kupewa leseni, na kila mmoja ana jina lake la hewani. Madereva hawapatani nao. Wenye leseni wanawaona madereva ni washenzi wa hewani. Madereva nao wanasema hao ni wazee wenye kiburi wanaotaka kulima mawingu peke yao. Nami nilikuwa upande wa madereva, maana ndiko nilikokula.

Majuma mawili yaliyopita akaja kibandani mzee mmoja mrefu, sweta la kijivu, kalamu mbili mfukoni. Ni Mwalimu Kirimi wa Kaaga, alifundisha fizikia mpaka akastaafu. Akaweka daftari juu ya meza yangu.

"Kijana, hii daftari yote ni wewe," akasema. "Hii juma peke yake umeniharibia mara tisa. Niko naongea na rafiki yangu wa Embu, Jumamosi saa kumi, nasikia tu kelele ya redio mbovu. Ni wewe unafunguanga hizi mashini?"

Kinoti alikuwapo, kaegemea nguzo na miraa yake shavuni. Akajibu kabla yangu. "Mwalimu, hewa ni ya Mungu. Wewe ulinunua wapi?"

"Hata barabara ni ya Mungu, lakini lori yako iko na namba na wewe uko na leseni. Ama hauna?"

"Mimi nilikwama jangwani siku mbili na maji ya radieta ndio nakunywa. Ni hii redio iliniokoa. Ile mtihani yako haingeniletea maji."

Mwalimu akasema, "Hiyo ni kweli." Sikutarajia. Nilidhani ataniambia anakwenda kunishtaki, nami nilikuwa nimeshaanza kupanga akilini nitaficha nini wapi. Badala yake akanigeukia, akaburuta kiganja juu ya meza yangu, polepole, halafu akagonga vidole viwili.

"Hii," akasema. "Nani alikufundisha hii?"

Baba, niliweka bisibisi chini. Nilikuwa sijawahi kuisikia hodi ile kwa mkono wa mtu mwingine. Nikamwambia ni ya baba yangu, alikuwa mpiga simu za upepo, zile za nukta na mistari, kwenye kituo cha meli kule Mombasa. Mwalimu akavuta ndoo yangu ya plastiki akaikalia bila kukaribishwa.

Akanieleza kwamba alipokuwa mwanafunzi hapo Kaaga aliunda redio ya kupokea kwa waya na vipande vya redio mbovu, na akajifunza alfabeti ya nukta na mistari peke yake, kwa kuwasikiliza watu wa kituo cha pwani wakizungumza na meli. Walikuwa wengi, na mikono yao ilikuwa tofauti. Mmoja tu ndiye aliyekuwa akituma taratibu, safi, hakimbii, na kila akimaliza huburuta mstari mrefu halafu nukta mbili. "Huyo ndio alinifundisha," akasema. "Mimi nilikuwa nangoja zamu yake. Hata siku ya mtihani ya leseni nilituma vile yeye alikuwa anatumanga. Sikujua jina. Nilikuwa namuita tu Yule wa Pwani." Halafu siku moja Yule wa Pwani akatoweka hewani, naye akadhani amekufa. Miaka mingi ikapita, mpaka juzi, katikati ya kelele za redio zangu mbovu, akasikia ile hodi. Mara ya kwanza akadhani amechoka. Mara ya tisa akavaa viatu akaja Majengo kuulizia fundi anayefungua redio za madereva.

"Yuko hai?" akaniuliza.

Nikasema yuko hai, lakini hasikii tena, na hataki kuandika. Mzee yule akavua miwani akaifuta na ncha ya sweta. Nami nililia, Baba, sikufichi. Kinoti akatoka nje akasema anakwenda kuangalia tairi.

Jumamosi iliyofuata alinialika kwake. Mkewe alinipa uji wa wimbi kibuyu kizima, na Mwalimu akanionyesha ukuta wa kadi. Ni desturi yao: ukizungumza na mtu wa mbali unamtumia kadi kwa posta kuthibitisha kwamba kweli mlisikilizana, naye anakutumia yake. Japani, Brazili, visiwa nisivyowahi kuvisikia. Akaniambia miaka hii jua limejaa madoa, na likiwa hivyo paa la mbingu hukaza na kurudisha sauti chini mbali sana, ndiyo maana hata redio ya lori ilimsikia Muitaliano. Mimi huona jua lile lile kila siku likianika maharagwe, kumbe juu yake kuna kazi nyingine. Katikati ya kadi zile pana nafasi tupu. Nikamuuliza ya nani. Akasema ni ya Yule wa Pwani, hakuwahi kuwa na anwani yake.

Nikiwa pale nikaeleza tatizo letu la masikio. Mwalimu akafikiri, kisha akatoa spika kwenye kasha lake, ikabaki karatasi tupu ya kutetemeka, akaichomeka kwenye redio. Akanipa nta, nikaziba masikio mpaka sikusikia hata kikohozi changu, akanifunga na kitambaa juu yake. Akaukamata mkono wangu akaweka kiganja juu ya spika. Yule rafiki yake wa Embu, muuguzi mstaafu aitwaye Bi Wanja, alikuwa akitungoja kule hewani. Nikahisi mtekenyo. Mfupi, mfupi, mfupi. Mwanzoni ilikuwa kama kuku mdogo ananidonoa. Halafu ghafla zikawa herufi, Baba, zile ulizonifundisha utotoni, zikapanda mkononi na kuingia kichwani bila kupitia sikioni. S, A, L, A, M, U. Kutoka Embu, kupitia ngozi yangu. Nilikaa hapo nimefumba macho mpaka akamaliza kutuma, nikatamani asimalize.

Tangu siku hiyo redio sizifungui tena. Zile zilizorudi nimezifunga, waya nimeuunga mahali pake. Kinoti alinikasirikia, akasema nimenunuliwa kwa uji, na wateja kadhaa walinihama. Mwalimu akaja mwenyewe uwanjani kwa malori, akawaonyesha jinsi ya kufunga antena sawasawa badala ya kuongeza nguvu. Kinoti akaenda safari amenuna. Aliporudi akasema amesikika safi kwa mwenzake kwa mwendo ambao hakuwahi kuupata, ila Mwalimu bado ni mzee wa kiburi. Mwalimu naye akasema Kinoti bado hana adabu ya hewani. Sasa wanakunywa chai pamoja kibandani kwangu wakibishana, na mimi ndiye ninayenunua maziwa.

Baba, kwa basi la Alhamisi nakutumia kasha. Ndani yake mna redio ya zamani ya Mwalimu, ya kupokea tu, na ile spika tupu. Usiifunike. Mna na waya mrefu, Mwanaidi aufunge kutoka dirisha la jikoni hadi kwenye mwarobaini, nimemchorea. Nimetia alama nyekundu mahali pa kuweka mshale, asiusogeze. Jumamosi saa kumi kamili alasiri nitakuwa Kaaga. Mwalimu atakuwa ubavuni mwangu na tutatumia jina lake, kwa kuwa mimi mtihani bado nausomea, lakini kitakachobonyeza ni kidole changu. Nitatuma taratibu, kama wewe, nisikimbie. Kama hutaki kuweka mkono, sitajua, wala sitakulaumu. Ila ndani ya kasha mna na kadi moja, haina maandishi upande mmoja, na anwani ya Mwalimu iko upande wa pili. Ukinisikia, andika neno moja tu, lolote. Nafasi yake ukutani bado ipo.

Nisalimie Mama, umwambie fulana nimevaa. Msalimie Mwanaidi, macho na masikio yetu sote, na mumewe anayevumilia maagizo yangu. Shangazi Bi Zuhura, muuza mahamri, apate salamu zake kamili, na Mjomba Athumani mwadhini, niombeeni kwake dua ya mtihani. Mwalimu Kirimi anakusalimu kwa heshima, amenikataza kukwambia anavyokuhusudu, basi sikukwambia. Bi Wanja wa Embu hali kadhalika.

Jumamosi, Baba. Ukimaliza kuhisi herufi zote usiondoe mkono haraka. Mwishoni kabisa utakuja mstari mmoja mrefu, wa kuburuta, halafu nukta mbili. Miaka yote ile wewe ulipiga hodi na sisi tukafungua. Sasa ni mimi niliye nje.

Mwanao akupendaye,
Salim